Usiuze primogem zako kangomba

Mpwa wangu alikuja likizo ya Juni kutoka Masasi. Kabla hata hajatua begi akaniambia, "Mjomba, nilikuwa na primogem elfu nane, zimeisha zote." Primogem ni vito vinavyotumika kama pesa ndani ya mchezo wa Genshin Impact. Nikamuuliza zimekwenda wapi. Nusu alinunulia rezini, yaani nguvu unayoitumia kuchukua zawadi mchezoni, nusu alivutia bango la kudumu, yaani bahati nasibu ya kupata wahusika na silaha ambayo ipo siku zote. Tulikaa barazani hapa Chikongola mpaka adhana ya isha tukipiga hesabu, na niliyomwambia ndiyo ninayomwandikia yeyote anayecheza Genshin Impact kwa simu na bando la kujibana kama sisi.

Anza kwa kutenganisha mali inayorudi yenyewe na isiyorudi. Rezini inarudi: moja kila dakika 8, mpaka zifike 200. Zikishafika hapo haziongezeki tena, kwa hiyo ukiziacha zimejaa unapoteza. Zitumie leo. Primogem hairudi. Kazi nne za siku, pamoja na zawadi ya kuzimaliza, zinakupa 60.

Sasa angalia bei. Primogem 50 zinakununulia rezini 60. Rezini 60 ni dakika 480, yaani saa 8. Umetoa karibu pato la siku nzima kununua kitu ambacho ungelala tu, ukaamka ukakikuta. Ukirudia siku hiyohiyo, bei inapanda mpaka 100. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho, na huku kusini biashara ya namna hii tunaijua kwa jina: kangomba. Mkulima anabanwa na shida mwezi wa nane, anauza kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado ni maua mtini, na minada ikianza Oktoba hana cha kupeleka ghalani. Nimewaona wazee wa watu wakisimama mlangoni pa ghala mikono mitupu huku majirani zao wakipimiwa magunia. Inaniuma kila msimu. Sitaki mtoto wangu azoee hesabu ile, hata kwenye mchezo.

Primogem kazi yake ni moja: kuvuta mhusika unayemtaka, kwenye bango la muda, yaani bahati nasibu inayomtangaza mhusika fulani kwa muda tu. Kila mvuto ni 160. Nafasi ya kupata nyota tano, daraja la juu kabisa la wahusika, kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6, ndogo mno, lakini kuna kikomo: ukifika mvuto wa 90 bila nyota tano, huo wa 90 lazima uwe nyota tano. Anaweza asiwe yule unayemtaka. Ikitokea hivyo usikate tamaa, kwa sababu nyota tano atakayefuata ni yule anayetangazwa, bila bahati nasibu. Kwa hiyo mahitaji yako ya juu kabisa ni mivuto 180, yaani primogem 28,800. Andika namba hiyo kwenye daftari. Hesabu ya mivuto haifutiki bango likibadilika, inahamia kwenye bango la muda la mhusika anayefuata, hivyo fungua historia ya mivuto uhesabu umefika wapi kabla hujagusa kitu. Bango la kudumu livutie kwa tiketi za buluu unazopewa bure tu. Bango la silaha liache kabisa kama hulipi pesa.

Vumbi la nyota unalopata ukivuta silaha za nyota tatu usilinunulie vitabu vya kukuza wahusika wala mora, sarafu ya kawaida ya mchezo. Dukani kila mwezi kuna tiketi 5 za bango la muda, kila moja vumbi 75. Chukua hizo kwanza.

Mora ndiyo inayowaumbua watu wakishampata mhusika. Kupandisha kipaji kimoja cha mhusika, yaani mojawapo ya mbinu zake za kupigana, kutoka ngazi ya 1 mpaka ya 8 ni mora 502,500. Kutoka 8 mpaka 10 ni 1,150,000. Ngazi mbili tu! Ua la mora, yaani mahali pa kuvuna mora, dunia yako ya mchezo ikiwa ngazi ya 6 kwenda juu, linatoa 60,000 kwa rezini 20, basi piga mwenyewe uone ni siku ngapi. Ishia 8, kwa vile vipaji mhusika anavyovitegemea, ukajenge wa pili na wa tatu. Mpwa wangu alikuwa amegawa mora kwa wahusika kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaweza kuua bosi wa wiki, adui mkubwa ambaye zawadi yake huchukuliwa mara moja kwa wiki. Tuliwachagua wanne. Wengine wakae.

Kuhusu pesa halisi: kifurushi cha mwezi kinatoa primogem 90 kila siku kwa siku 30, lakini lazima uingie kila siku, na siku usiyoingia imepotea. Kama bando lako linakatika katikati ya wiki, usikinunue mpaka uwe na uhakika wa siku zote 30. Mpwa wangu alitaka kukinunua siku mbili kabla ya kurudi bwenini, ambako simu haziruhusiwi. Nilimwambia asubiri mpaka Desemba.