Umetoka gazeti mbadala Marekani? Namna ya kuhamia dijitali bila kuanza moja

Nikisema gazeti mbadala namaanisha yale ya kila wiki ya mijini kule Marekani, yale ya bure unayookota kwenye kiboksi kona ya mtaa au mlangoni mwa baa, mbele kuna uchunguzi unaomkosesha meya usingizi na nyuma kumejaa matangazo ya vyumba vya kupanga, bendi zinazotafuta mpiga drams na watu wanaotafuta wachumba. Village Voice la New York ndo babu yao, 1955, halafu wakaja Chicago Reader 1971, LA Weekly 1978, Austin Chronicle 1981 na mengine kibao. Waliolelewa humo sa hivi wengi wako nje wanajiuliza wajifunze nini, wengine washalipia kozi ya kutengeneza programu za simu. Subiri kwanza. Kabla ya kujifunza chochote jiulize hivi: nani hasa alikuwa analipa mshahara wako, na hiyo hela sa hivi imeenda wapi?

Maana watu husema intaneti iliua magazeti kana kwamba wasomaji walikimbia. Kwa haya magazeti sio hivo, msomaji karibu kote alikuwa hatoi hata senti, Village Voice lenyewe lilianza kugawiwa bure mjini kwake 1996. Aliyelipa ni mwenye tangazo, tena sana yale matangazo madogo madogo ya nyuma. Sasa Craigslist ikaanza San Francisco 1995 kama orodha tu ya imeili ya kuambiana matukio ya mjini, ikakua, ikaweka bure vile vitu ambavyo gazeti lilikuwa linauza kwa kila mstari. Hapo ndo pa kuvuja. Boston Phoenix likafunga 2013, San Francisco Bay Guardian 2014, Philadelphia City Paper 2015, Baltimore City Paper 2017, mwaka huohuo Village Voice likaacha karatasi na 2018 likafungwa kabisa (lilifufuliwa 2021 ila mi naona ni jina lilelile kwenye nyumba nyingine). Kwa hiyo usijione umepitwa na wakati kwenye kuandika au kuhariri. Kilichopitwa ni namna ya kulipia, na ukishaelewa hilo unaacha kukimbilia kila kozi.

Haya, tuanze na kabla hujatoka mlangoni, maana hapa watu wanapoteza vingi na hawajui.

Kazi zako zihifadhi leo, usingoje barua ya kuachishwa. Novemba 2017 tovuti za habari za miji za Gothamist na DNAinfo zilifungwa ghafla na mmiliki wao, ukibonyeza habari yoyote ya zamani unapelekwa kwenye barua ya kuagana tu, waandishi wakabaki hawana hata linki moja ya kumwonyesha bosi mpya. Baadae zilirudishwa, ila je zisingerudi? Wewe fanya hivi: orodhesha habari zako bora, sio zote, zile ambazo ungetetea hata mahakamani, kila moja itoe PDF na uiweke sehemu yako mwenyewe na sio kwenye laptopu ya kampuni, halafu linki yake ipeleke Wayback Machine ya Internet Archive (tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao) ubonyeze ihifadhiwe. Ni bure. Kama wewe ni wa kurasa na picha, omba faili za kurasa zilizochapwa zikiwa nzima, maana tovuti za haya magazeti nyingi zilihamishwa mfumo mara kadhaa na kila uhamisho unakula picha na unavuruga mpangilio. Na za zamani kabisa usikate tamaa, makaratasi ya Boston Phoenix yalipewa chuo kikuu cha Northeastern, magazeti mengine yako maktaba za umma. Piga simu maktaba, wakutubi wanapenda sana kuulizwa hivo vitu.

Kuhifadhi nakala ni jambo moja na kuimiliki ni jingine. Kama ulikuwa mwajiriwa, sheria ya Marekani inasema ulichoandika kazini ni cha mwajiri, utaonyesha kama sampuli lakini huwezi kukichapa upya kama kitabu bila ruhusa. Kama ulikuwa wa kujitegemea, mambo yanategemea mkataba. Kuna kesi ya New York Times dhidi ya Tasini, mwandishi wa kujitegemea, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 2001, majaji 7 kwa 2, kwamba wachapishaji hawakuwa na haki ya kuziuza makala za waandishi wa kujitegemea kwenye hifadhi za elektroniki bila idhini yao. Ushindi mtamu, ila wachapishaji nao sio wajinga, wakaanza kuandika mikataba inayodai haki zote. Kwa hiyo chimbua mikataba yako ya zamani, soma ile kabla ya 2001 na ile ya baada kila moja peke yake, unaweza kukuta makala zako za mwanzo ni zako kabisa. Kukusanya hizo zikawa kitabu au mfululizo wa podikasti ni kazi ambayo tayari nusu yake umeshaifanya.

Na ile karatasi ya kiinua mgongo usisaini siku hiyohiyo, hata HR akisema ni utaratibu tu. Ukiwa na miaka 40 na kuendelea, na karatasi inakutaka uachane na haki ya kushtaki kwa kubaguliwa umri, sheria inakupa siku 21 za kufikiria, na kama mmeachishwa kundi zinakuwa 45, halafu ukishasaini bado una siku 7 za kubadili mawazo. Tazama kama kuna kipengele cha kukuziba mdomo au kukuzuia kuandika kwa mshindani mjini hapo, hicho kipiganie kifutwe. Usitegemee sana ile sheria ya kupewa taarifa siku 60 kabla ya kuachishwa watu wengi, hiyo ni kwa makampuni ya watu 100 na zaidi na magazeti haya mengi hayafiki, ingawa kama mmiliki ni kampuni kubwa uliza. Usiondoke na orodha ya imeili za wasomaji, hiyo ni mali ya kampuni. Namba za vyanzo vyako ulizojenga mwenyewe ni habari nyingine, na chanzo cha siri asiachwe kwenye imeili ya ofisi ambayo kesho mmiliki mpya ataifungua.

Sasa fani moja moja. Kila mtu humo ndani alikuwa na kitu tofauti cha kuuza.

Aliyekuwa anaandaa kalenda ya matukio, ile kazi iliyokuwa inadharauliwa na kupewa mgeni, mi naona huyu ndo ana bahati kuliko wote na hajijui. Kila wiki unapanga mamia ya matukio kwa tarehe, mahali, bei, aina, unafuta yaliyojirudia, unapigia simu ukumbi uliokosea saa. Hiyo ni kazi ya data. The Stranger la Seattle liliposimamisha karatasi Machi 2020 korona ilipofunga kumbi, kalenda yao ndo ikawa bidhaa yenye jina lake, EverOut. Kwenye wasifu wako acha kuandika "niliandaa orodha", andika ulisimamia hifadhi ya matukio yenye rekodi ngapi, kwa vigezo gani, na makosa ulipunguzaje. Kazi za kutafuta ni za usimamizi wa bidhaa kwenye vyombo vya habari, makampuni ya tiketi, bodi za utalii, majumba ya makumbusho.

Muuza matangazo naye asijione amekufa na Craigslist. Yeye anajua wenye maduka na kumbi wote wa mji kwa majina na anajua nani hulipa kwa wakati. Sa hivi kinachouzika ni udhamini wa jarida la imeili, matukio ya ana kwa ana, na zile tuzo za kila mwaka za wasomaji kuchagua bora wa mji. Wazo la matukio sio la juzi, watu wa Austin Chronicle walikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la SXSW 1987, wakati intaneti ya kawaida hata haipo. Muuzaji anayejua kusoma takwimu za imeili (wangapi wamefungua, wangapi wamebonyeza, na kwa nini ya kwanza siku hizi si ya kuaminika sana kwa sababu simu nyingine hufungua zenyewe) huyo hatakaa nyumbani muda mrefu.

Mhakiki na mwandishi mwenye sauti yake, hapa niseme ukweli, ndo penye hatari kubwa. Jonathan Gold alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, 2007 akiwa LA Weekly kwa kuandika migahawa ya vichochoroni, mhakiki wa kwanza wa chakula kuipata, na Ta-Nehisi Coates, mwandishi maarufu wa vitabu, alianzia Washington City Paper. Kila mtu anawataja hao. Hawataji wale wengine mia. Sauti peke yake hailipiwi mpaka iwe na jambo moja inayojulikana nalo, na msomaji wa nje ya mji wako hajui kwa nini akusome wewe. Kwa hiyo chagua eneo dogo, nyumba na kodi za mji, mahakama, muziki wa aina moja, andika kila wiki siku ileile. Na vichwa vya habari badilika: gazeti mbadala lilipenda kichwa cha mchezo wa maneno, pembeni picha inamalizia utani. Kwenye Google picha haipo na utani hautafutwi. Weka jina la mji na jina la jambo kwenye kichwa, utani wako uweke sentensi ya kwanza.

Mwandishi wa uchunguzi yeye anauzika moja kwa moja, Nigel Jaquiss wa Willamette Week, gazeti la Portland, alipata Pulitzer 2005 na gazeti lenyewe dogo tu. Onyesha nyaraka ulizoomba serikalini, sio habari iliyokamilika peke yake, mhariri mpya anataka kuona ulivyofika pale. Wahariri nakala, wale wa kusafisha lugha, waangalie hospitali, vyuo vikuu, mawakili, mashirika ya serikali, kote huko wanahitaji mtu wa kugeuza maneno magumu yaeleweke na mshahara mara nyingi unazidi wa gazeti. Wachora katuni walishaonja mapema, Village Voice Media ilisimamisha katuni za kununuliwa kwa wachoraji wa nje 2009, wengi wakahamia kuchangiwa moja kwa moja na mashabiki. Wasanifu kurasa, jifunzeni Figma (programu ya kusanifu tovuti na programu za simu), mengine mnayajua.

Baada ya hapo ni kuchagua nani akulipe. Ukienda kwenye chombo kisicho cha faida, na magazeti mbadala kadhaa yamekuwa hivo, Isthmus la Madison, na Chicago Reader kuanzia 2022 mpaka liliponunuliwa na kampuni 2025, ujue hela inatoka kwa ruzuku na michango, kwa hiyo kujua kuandika ombi la ruzuku ni faida kubwa hata kwa mwandishi. Ila kuna kitu wengi hawakitegemei: chombo chenye hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato, kimekatazwa kabisa kuunga mkono mgombea. Kwa gazeti mbadala hilo ni pigo, yale mapendekezo ya kura ndo watu walikuwa wanayakata na kuingia nayo kituoni! Kama hiyo ndo roho yako, tafuta lililobaki la biashara au la ushirika wa wafanyakazi, kama Hell Gate la New York lililoanzishwa 2022 na linamilikiwa na waandishi wenyewe. Ajira utazikuta kwenye kurasa za Institute for Nonprofit News, LION Publishers na AAN, umoja wa magazeti mbadala ulioanza 1978 na ambao 2011 ulitoa "Newsweeklies" kwenye jina wakaweka "Newsmedia".

Ukiamua peke yako, piga hesabu kwanza. Substack, jukwaa la kutuma majarida ya imeili, inachukua asilimia 10 ya kinacholipwa na wasomaji, juu yake kuna makato ya malipo ya kadi, mwenzake Ghost haichukui asilimia ila unalipia kila mwezi hata usipopata kitu. Kokote utakapokaa hakikisha orodha ya imeili unaweza kuipakua na kuondoka nayo. Kama unauza makala ukiwa New York, kazi ya dola 800 na kuendelea lazima iwe na mkataba wa maandishi na ulipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kama mkataba hausemi tarehe, ni sheria ya mji tangu 2017 na jimbo zima tangu 2024, itaje kwa upole kwenye ankara utaona inavyoharakisha watu.

Bima ya afya, COBRA inakuacha kwenye bima ya kazini hadi miezi 18 lakini unalipa yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji, na inawahusu waajiri wa watu 20 na zaidi, kwa hiyo linganisha na soko la bima la serikali ambalo ukipoteza bima una siku 60 za kujiandikisha nje ya msimu. Na kodi, hii inawakamata sana waliozoea kukatwa mshahara: ukijitegemea unalipa asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee) mwenyewe juu ya kodi ya mapato, na haingojei mwisho wa mwaka, inalipwa kwa makadirio Aprili, Juni, Septemba na Januari, kwa kawaida tarehe 15. Fungua akaunti ya pembeni, kila malipo yakiingia hamishia humo robo yake hadi theluthi kabla hujagusa, na weka alamu za hizo tarehe nne kwenye simu sa hivi.