Somo: Kuigawa Likizo ya Walt Disney World kati ya Hoteli Mbili

Walt Disney World, iliyo karibu na Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, ina bustani nne za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Hoteli zake ni zaidi ya 20, na zimetawanyika katika eneo kubwa mno hivi kwamba hakuna hata moja iliyo jirani na bustani zote nne. Mgeni aliyelipia hoteli nzuri kwa wiki nzima anaweza kujikuta akizimaliza asubuhi zake nyingi kituoni akisubiri basi. Ndiyo sababu baadhi ya wageni huzigawa siku zao, nusu hapa na nusu kule. Mpango huo una manufaa ya kweli, ila unataka maandalizi, hasa kwa ajili ya ile siku ya kuhama.

Hatua ya kwanza: Pima kama kuna haja ya kuhama

Hoteli nyingi za Disney humtaka mgeni aondoke chumbani saa 5 asubuhi, na chumba kipya huahidiwa kuanzia saa 9 alasiri. Zile nyumba kubwa zenye jiko ndani huanza saa 10. Kwa hiyo kuna saa nne au tano ambazo familia haina mahali pa kulala wala pa kufungia mlango. Kwa safari ya usiku tatu au nne, mimi sishauri kuhama kabisa, kwa sababu utafungasha mizigo kabla hujajua hata swichi za taa ziko wapi. Kuanzia usiku tano au sita, jambo hilo linaanza kuwa na maana.

Hatua ya pili: Ipe kila hoteli kazi yake

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwani huchagua hoteli mbili kwa sababu zote mbili zinapendeza kwenye picha. Hoteli za Disney zinaweza kutazamwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile ambazo thamani yake ni ukaribu. Kutoka Contemporary unatembea kwa dakika kama kumi tu hadi lango la Magic Kingdom, na Polynesian Village na Grand Floridian zimeunganishwa na bustani hiyo kwa treni ya monoreli na kwa boti. Yacht Club, Beach Club na BoardWalk ziko umbali wa kutembea kutoka lango la nyuma la EPCOT, na mwenye miguu ya kutosha anaweza kufika Hollywood Studios pia kwa njia ya kando ya maji. Pop Century na Art of Animation ni za daraja la bei nafuu, lakini tangu Septemba 2019 zina kituo cha Skyliner, yale magari madogo yanayoning'inia kwenye waya, ambayo huwafikisha wageni EPCOT na Hollywood Studios kwa kubadilisha njia katika kituo cha Caribbean Beach.

Fungu la pili ni hoteli ambazo zenyewe ndizo safari. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Animal Kingdom Lodge, ambako vyumba kadhaa vina baraza linalotazama uwanda wanakolisha twiga, pundamilia na swala. (Msomaji wa Kiswahili atajisikia yuko nyumbani kidogo: jengo kuu linaitwa Jambo House, na miongoni mwa migahawa yake ni Boma na Jiko.) Hoteli hii haina monoreli wala Skyliner, ni basi tu, na kwa kwenda Magic Kingdom basi hilo lina safari ndefu. Ukilipia chumba chenye kutazama uwanda, kisha ukatoka alfajiri na kurudi usiku, umelipia giza. Chumba cha namna hiyo kipangiwe siku za mapumziko, au siku ya kwenda Animal Kingdom iliyo jirani, ambayo kwa kawaida hufungwa mapema kuliko bustani nyingine na kukuruhusu urudi barazani wakati wanyama bado wanaonekana.

Kanuni yangu basi ni hii: hoteli ya ukaribu iwekwe kwenye siku za kukimbilia bustanini, na hoteli ya kukaa iwekwe kwenye siku za kukaa.

Hatua ya tatu: Amua ipi itangulie

Kwa kawaida napendelea ya bei nafuu itangulie. Siku za mwanzo watu wana nguvu na hamu, wanatoka mapema, na chumba kinakuwa mahali pa kulala tu. Kufikia siku ya nne miguu imechoka, na hapo bwawa zuri na kitanda kipana vinathaminiwa ipasavyo. Tena kutoka hoteli ya kifahari kwenda ya kawaida huwaachia watoto manung'uniko ambayo hayakuwa ya lazima.

Kuna jambo moja linaloweza kubadilisha mpangilio huo. Wageni wa hoteli zote za Disney huruhusiwa kuingia bustanini dakika 30 kabla ya watu wengine kila siku, lakini wageni wa hoteli za daraja la juu huongezewa saa za usiku katika tarehe zilizoteuliwa, baada ya bustani kufungwa kwa wengine, na foleni za saa hizo huwa fupi sana. Tazama kalenda ya Disney kabla ya kulipa, kisha hakikisha tarehe hizo zinaangukia kwenye usiku wako wa hoteli ya juu. Ikiwa usiku huo uko mwanzoni mwa safari, basi hoteli ya juu itangulie.

Hatua ya nne: Hifadhi vyumba viwili, lakini tiketi moja

Kila hoteli huhifadhiwa peke yake, kwa namba yake, malipo yake ya awali na masharti yake ya kughairi. Viunganishe vyumba vyote viwili kwenye akaunti moja katika programu ya simu ya Disney, ili familia yote ionekane mahali pamoja.

Tiketi za bustani ni habari nyingine. Bei ya kila siku hushuka kadiri tiketi inavyokuwa ya siku nyingi, kwa hiyo kununua tiketi mbili za siku chache ni kupoteza fedha bure. Nunua moja itakayovuka safari nzima. Tiketi ya kawaida ya siku 4 hutumika ndani ya siku 7, na ya siku 5 ndani ya siku 8, kwa hiyo siku ya mapumziko katikati haikupotezei chochote.

Meza za migahawa huweza kuhifadhiwa siku 60 kabla, na huduma ya kulipia ya kupunguza foleni, Lightning Lane, huwafungukia wageni wa hoteli siku 7 kabla ya kuingia hotelini. Andika hesabu mbili katika kalenda yako, moja kwa kila tarehe ya kuingia, na usitegemee kwamba hoteli ya kwanza itakufungulia siku za hoteli ya pili.

Hatua ya tano: Siku yenyewe ya kuhama

Habari njema ni kwamba huna haja ya kuburuta masanduku. Ukihama kutoka hoteli moja ya Disney kwenda nyingine ya Disney, wahudumu wa mizigo huyasafirisha bila malipo, ingawa bakshishi ni ustaarabu. Fungasha usiku uliotangulia. Asubuhi, kabla ya saa 5, peleka mabegi kwenye dawati la mizigo au piga simu yaje kuchukuliwa chumbani, useme waziwazi kwamba yanahamishiwa hoteli fulani. Mhudumu atafunga kipande cha karatasi kwenye mpini wa kila begi, ataandika jina lako, idadi ya mabegi na hoteli yanakokwenda, kisha atakupa kipande kinacholingana. Soma jina la hoteli lililoandikwa kabla ya kuondoka dawatini. Kipige picha kwa simu pia, maana karatasi ndogo hupotea mfukoni pamoja na risiti za maji ya kunywa.

Mabegi huwasili alasiri, kwa hiyo usihesabu kuyaona adhuhuri. Kila kitu utakachohitaji kabla ya hapo kiwe kwenye begi la mgongoni: pasipoti, dawa, chaja, nguo za kuogelea, koti la mvua na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto. Mvua za alasiri za Florida wakati wa majira ya joto hazijui kwamba sanduku lako liko njiani.

Hoteli kwa hoteli hakuna basi la moja kwa moja. Wengi hulazimika kupitia bustanini au Disney Springs, eneo la maduka na migahawa, na kubadilisha basi huko, jambo linaloweza kula saa nzima na zaidi. Njia nyepesi ni kuacha mizigo, kupanda usafiri wa hoteli ya kwanza kwenda bustanini asubuhi, kisha jioni kupanda usafiri wa hoteli ya pili kutoka bustani hiyo hiyo. Kamilisha taratibu za kuingia kwenye programu ya simu mapema. Chumba kikiwa tayari utatumiwa namba yake, na simu au bangili yako itafungua mlango bila kupita mapokezi.

Asiyetaka bustani siku hiyo anaweza kwenda moja kwa moja kwenye bwawa la hoteli mpya, kwani mgeni aliyekwisha kukamilisha taratibu za kuingia huruhusiwa hata kabla ya chumba kuwa tayari. Vilevile, mwaka 2025 Disney ilianza kuwapa wageni wa hoteli zake kiingilio cha bure cha bustani za maji katika siku ya kuingia hotelini. Anayehama ana siku mbili za kuingia. Thibitisha kama ofa hiyo ipo katika tarehe zako, na ikiwepo, saa zile zisizo na chumba zimepata kazi.

Hatua ya sita: Ukitaka kuchanganya na Universal

Katika Universal Orlando, bustani na hoteli za kampuni nyingine jijini Orlando, kuhama kunaweza kulipa kuliko kokote. Hoteli tatu, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, humpa kila mgeni wa chumba pasi ya Express, yaani ya kupita kwenye foleni fupi, isiyo na kikomo kwa bustani za Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Pasi hiyo hutumika siku ya kuingia na siku ya kutoka, hata kabla ya chumba kuwa tayari. Usiku mmoja tu, basi, huzaa siku mbili za foleni fupi. Wengi hulala usiku mwingine wote katika hoteli ya bei nafuu, kisha hulipia usiku mmoja wa hoteli hizo katikati ya siku mbili za bustani. Zingatia kwamba pasi hiyo haihusu Epic Universe, bustani iliyofunguliwa Mei 2025, na kwamba tiketi ya kuingilia bado ni juu yako.

Kati ya Disney na Universal hakuna atakayekubebea mizigo. Ni teksi au gari lako mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo, mwalimu. Tunakwenda na mama yetu mwenye umri mkubwa na mtoto wa miaka miwili. Je, siku ya kuhama haitawachosha?

Jibu: Marahaba. Itawachosha ikiwa mtaipanga kama siku kamili ya bustani. Mtoto wa umri huo analala mchana, na saa za usingizi wake ndizo hasa saa ambazo hamna chumba. Ningewashauri mbaki hoteli moja, au mhamie chumba kingine ndani ya hoteli ile ile: kwa mfano, Animal Kingdom Lodge mnaweza kuanza na chumba cha kawaida na kumalizia usiku mbili kwenye chumba cha kutazama uwanda. Mizigo huhamishwa vilevile, na mama atasubiri akiwa ameketi ukumbini ambako wanyama wanaonekana bila malipo ya ziada.

Swali: Tutakodi gari. Hilo linabadilisha nini?

Jibu: Linarahisisha mengi, ndugu yangu, kwa sababu mizigo inakaa kwenye buti na habari ya mabasi inakwisha. Maegesho ya usiku katika hoteli za Disney ni bure kwa wageni wake tangu Januari 2023, na maegesho ya kawaida ya bustani zake pia hawatozwi. Universal hutoza maegesho ya hotelini kwa kila usiku, kwa hiyo yaingize kwenye hesabu kabla ya kulinganisha bei.

Swali: Naomba kujua kama usiku wa mwisho wa wiki una bei tofauti, na kama naweza kuutumia mgawanyo huu kupunguza gharama.

Jibu: Bei hubadilika kwa usiku, na mara nyingi Ijumaa na Jumamosi huwa juu. Weka usiku hizo kwenye hoteli ya bei nafuu, na hoteli ya kifahari ianze Jumapili. Linganisha pia malipo ya jumla pamoja na kodi, kwa sababu punguzo la kukaa usiku nyingi mahali pamoja linaweza kupotea mara tu unapogawa.

Swali: Mume wangu anatumia dawa ya sindano inayohitaji baridi. Je, iende na mizigo?

Jibu: Hapana, dada, isiende na mizigo kamwe, kwa kuwa begi linaweza kukaa saa nyingi kwenye gari au stoo. Ibebeni wenyewe kwenye kifuko cha baridi chenye pakiti za jeli zilizogandishwa, kwani barafu ya vipande hairuhusiwi kupita kwenye lango la bustani. Mkifika ndani, ulizeni kituo cha huduma ya kwanza, ambacho kipo katika kila bustani, nao watawahifadhia dawa kwenye jokofu hadi mtakapoondoka. Jioni iingie kwenye jokofu dogo la chumba kipya, na pakiti za jeli zirudishwe kugandishwa kwa ajili ya kesho yake.