Somo: Kuziba tundu la CVE-2022-0185 kwenye kerneli ya Linux

Wakuu, tundu hili la usalama (CVE ni namba yake ya usajili) limo kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Lilitangazwa Januari 2022, lakini seva zenye kerneli za zamani bado zipo. Kosa lenyewe ni la mstari mmoja, na kila anayeandika C anapaswa kulijua.

Hatua ya 1: Lielewe kosa

Limo kwenye `fs/fs_context.c`, ndani ya fanksheni `legacy_parse_param`. Fanksheni hiyo hupokea vigezo vya kupachika mfumo wa mafaili na kuvipanga, koma katikati, kwenye bafa (eneo la muda la kumbukumbu) ya baiti 4096. Kabla ya kuandika inakagua hivi:

`if (len > PAGE_SIZE - 2 - size)`

`PAGE_SIZE` ni ile 4096, `size` ni kiasi kilichokwisha kuandikwa, `len` ni urefu wa kigezo kipya, na ile 2 ni nafasi ya koma na baiti sifuri ya kufungia. Ukipitisha macho haraka utaona iko sawa. Piga hesabu sasa. Bafa ikiwa tupu, kigezo chenye `len` ya 4094 kinapita. Ongeza koma, `size` inafika 4095. Kigezo kinachofuata kinapimwa kwa 4096 - 2 - 4095, yaani hasi 1. Lakini namba za aina hii hazina hasi, kwa hiyo kwenye mashine ya biti 64 jibu linageuka kuwa 18446744073709551615. Hakuna `len` ya kuzidi hapo! Tangu hapo kila kigezo kinakubaliwa, na maandishi yanamwagika nje ya bafa, juu ya data za kerneli zilizo jirani. Mshambuliaji akifanikiwa kupanga nini kikae jirani, anaweza kuishia kuwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote.

Kiraka kilirekebisha ukaguzi huo:

`if (size + len + 2 > PAGE_SIZE)`

Kujumlisha badala ya kutoa. Kama una msimbo wako wa C, tafuta kila ukaguzi wa urefu unaotumia kutoa, uupigie hesabu upya.

Hatua ya 2: Angalia toleo

Andika `uname -r`. Kosa liliingia na 5.1, mwaka 2019. Lilizibwa kwenye 5.4.173, 5.10.93, 5.15.16 na 5.16.2. Ila usiitegemee namba peke yake: RHEL 8 (Linux ya Red Hat) inatumia 4.18 na bado iliathirika, maana msimbo ule wa kerneli mpya ulirudishwa humo. Huko tafuta kiraka kwenye orodha ya mabadiliko:

`rpm -q --changelog kernel | grep CVE-2022-0185`

Hatua ya 3: Sasisha, kisha washa upya

Kerneli mpya ikiwa kwenye diski tu haikulindi, ile ya zamani ndiyo bado inafanya kazi.

Hatua ya 4: Ikiwa huwezi kuwasha upya leo

Zima nemspesi za watumiaji, yaani mazingira yaliyotengwa ambamo mtumiaji wa kawaida huonekana kama root. Debian na Ubuntu: `sysctl -w kernel.unprivileged_userns_clone=0`. RHEL: `sysctl -w user.max_user_namespaces=0`.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kulitumia tundu hili si kunahitaji CAP_SYS_ADMIN (mamlaka ya msimamizi wa mfumo)? Mtumiaji wa kawaida anayapata wapi?

Jibu: Anaandika `unshare -Urm`. Ndani ya nemspesi hiyo mpya anapewa mamlaka hayo, na kerneli inayakubali kwa kazi hii. Ndiyo maana hatua ya 4 inasaidia.

Swali: Asante kwa somo. Nimefuata hatua ya 4, sasa Podman (programu ya kuendesha kontena) isiyotumia root haiwaki.

Jibu: Ni kawaida, inategemea nemspesi hizohizo. Sasisha kerneli, kisha rudisha mpangilio wa awali.

Swali: Na sisi wa kontena?

Jibu: Seccomp ni kichujio cha maombi ambayo programu hupeleka kwa kerneli, na kile cha kawaida cha Docker huzuia `unshare`. Kwenye Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena nyingi), podi, yaani kundi la kontena, huweza kuendeshwa bila kichujio chochote usipokiweka mwenyewe, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Weka `seccompProfile` ya aina ya `RuntimeDefault`, kisha ingia ndani ya podi ujaribu `unshare -Urm`. Ukijibiwa `Operation not permitted`, kizuizi kinafanya kazi.