SOMO: Kufufua taa ya zamani ya shaba na kuitundika kwenye dari la boriti

Swali la "taa ya bibi imekuwa nyeusi, niipake nini?" limeulizwa humu mara nyingi mno. Baadhi ya majibu yanaharibu taa, na mengine yanaweza kuua mtu, kwa hiyo nimeandika yote mahali pamoja. Somo linahusu taa za kuning'inia zilizomo kwenye nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa.

1. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa, toa vioo kwanza, kisha teremsha taa.

2. Piga picha kila kiungo kabla ya kufungua. Skrubu za zamani za Kiingereza hazilingani na za milimita, kwa hiyo usipoteze hata moja. Iliyoganda itie mafuta ya taa, uiache usiku kucha.

3. Jaribu kwa sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa shaba, na tabaka lile likitoka halirudi: maji, sabuni na kitambaa laini tu. Isiponasa, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Ukiona kijivu, ni zinki iliyopakwa. Nayo usiiguse kwa asidi. Ukiona manjano, endelea.

4. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni. Madoa ya kahawia yaliyobaki katikati ya sehemu zinazong'aa mara nyingi ni vanishi ya zamani. Itoe kwa asetoni, nje ya nyumba, mbali na moto. Halafu ndimu na chumvi, dakika mbili au tatu, suuza. Usilaze usiku kucha: shaba hii ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi hula zinki hiyo na kuacha rangi ya waridi ambayo haifutiki. Pitisha maji yenye kijiko kimoja cha baking soda kwa lita, kausha kabisa, paka nta ya nyuki nyembamba kwa sababu ya upepo wa chumvi. Weusi uliomo ndani ya nakshi uache. Ndio unaofanya nakshi isomeke.

Dawa za kung'arishia zenye amonia msizitumie kwenye vikombe na mabakuli membamba. Enzi ya Waingereza kule India, maganda ya risasi ya shaba yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua. Chanzo kilikuwa amonia ya mkojo. Shaba nyembamba iliyofinyangwa kwa nguvu hupasuka vivyo hivyo.

5. Waya. Hapa ndipo penye hatari, someni polepole. Tumia waya laini wa nyuzi tatu, 0.75 mm²: kahawia ni laivu (unaoleta umeme), bluu nyutro (unaourudisha), kijani na manjano ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja). Waya wa zamani uliomo darini utakuwa mwekundu (laivu), mweusi (nyutro) na kijani (ethi), lakini msiamini rangi, pimeni. Waya wenye mpira uliofunikwa kwa kitambaa, ukikunjwa mpira ukamomonyoka, ung'oeni wote.

Kila mdomo wa bomba ambamo waya unapita usugue kwa tupa, kisha uvishe pete ya mpira. Mdomo mkali hukata ganda la waya taratibu, kwa mtikisiko wa upepo tu, na siku laivu ikigusa shaba, taa nzima ina umeme wa volti 230. Swichi inaweza kuwa sawa na balbu ikawaka vizuri, hakuna atakayejua mpaka aiguse. Kwa hiyo ethi ifungwe kwenye mwili wa taa kwa skrubu na washa (pete bapa ya chuma), na kama holda ni ya shaba, nayo ipate ethi. Nyumba nyingi za zamani zina nyaya mbili tu kwenye saketi ya taa. Hapo vuta ethi mpya kutoka kwenye bodi, au usiitundike taa ya chuma. Swichi ya kinga ya 30 mA (RCD, inayokata umeme ukivuja) ni nyongeza; haichukui nafasi ya ethi.

Holda ya balbu ya kuzungusha: laivu iende kwenye kitovu, nyutro kwenye hesi. Ukigeuza, anayebadilisha balbu anashika laivu. Uzito ubebwe na mnyororo, na waya uwe mrefu kuliko mnyororo ili usivutike.

6. Pima kabla ya kutundika. Ethi hadi mwili wa taa: chini ya omu 1. Laivu hadi mwili, kwa kipimo cha ganda la waya (insulation tester) cha volti 500: isipungue megaomu 1. Kazi ya kuunga darini ni ya fundi mwenye leseni.

7. Kutundika. Gonga boriti, ikitoa sauti ya utupu, mchwa wamo. Choma kwa bisibisi, hasa karibu na ukuta ambako unyevu huozesha ncha. Usitoboe boriti katikati ya urefu wake, upande wa chini, maana ndio unaovutika zaidi. Kaza ubao mgumu wa milimita 40 kukatiza boriti tatu, kulabu iingie kwenye ubao. Ning'iniza mfuko wa mchanga wenye uzito mara nne ya taa kwa saa 24.

8. Skrubu tatu za kioo ziguse tu. Kioo kikipata joto hutanuka, na ukikaza kinapasuka.

MASWALI

Pwani Yetu: Mkuu, fundi wangu kasema ethi si lazima, taa iko juu nani ataigusa?
Jibu: Anayefuta vumbi na anayebadilisha balbu. Rudi hatua ya 5, na tafuta fundi mwingine.

Mjukuu wa Shela: Shikamoo mwalimu. Yangu ni ya mafuta, sitaki kutoboa tangi. Kuna njia?
Jibu: Marahaba, na umewaza vizuri. Fungua kichwa cha utambi, kipeleke kwa mkereza vyuma akukerezee kizibo cha shaba chenye hesi ileile. Holda ikae juu yake, waya utokee ubavuni mwa kizibo, juu ya mdomo wa tangi, na ethi ifike kwenye kizibo. Tangi lioshe kwa maji ya moto na sabuni, liache wazi likauke. Kichwa cha zamani kihifadhi pamoja na taa, ili siku moja irudi kama ilivyokuwa.

Kijana wa Kazi: Sijasoma yote. Soda nyeusi inafaa?
Jibu: Ni asidi na sukari. Soma hatua ya 4.

Binti Barza: Nikiziba tundu la dari kwa saruji je?
Jibu: Hapana. Saruji huzuia mawe ya matumbawe ya dari na ukuta kupumua, chumvi hujikusanya nyuma yake na plasta hudondoka kipande kizima. Chokaa 1 kwa mchanga 3, lowesha tundu kwanza, weka tabaka nyembamba, kisha funika kwa gunia bichi siku kadhaa.

Binti Barza: Ahsante sana. Na mlango wa nakshi wenye njumu, mafuta ya nazi yanafaa?
Jibu: Hayakauki, hushika vumbi. Tumia mafuta ya kitani (linseed), tone kidogo, futa yanayobaki. Njumu zisafishe kabla ya mafuta, ukikinga mbao kwa karatasi ngumu iliyotobolewa. Matambara yenye mafuta hayo usiyakunje pamoja, huweza kushika moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke au yatumbukize majini.