Kukarabati chumba cha darini katika nyumba ya mawe, Mji Mkongwe

Shemeji yangu amehamia chumba cha juu kabisa cha nyumba ya wazee wao hapa Unguja. Tulipomaliza kukitengeneza, majirani wakaanza kuuliza mbona ukuta haubanduki tena. Naandika hatua zote, ila kwenye ukuta nitakaa sana.

1. Kibali. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Anzia kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, hata kama kazi ni ya chumba kimoja.

2. Paa. Ziba mabati na zibua mifereji. Kabla ya hapo usiguse kitu kingine.

3. Boriti. Gonga kila moja kwa nyundo, hasa ncha inayoingia ukutani, maana huko ndiko unyevu na mchwa hukaa. Ikilia tupu, au patasi ikizama, tegemeza dari kwa nguzo kisha mwite fundi. Usibomoe ukuta ili upate nafasi. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na ukuta huo ndio umeibeba.

4. Ukuta. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta hunywa maji ya mvua kisha huyatoa hewani. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma, na lipu inaanguka mapande pamoja na uso wa jiwe.

Bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa zege siitaki kabisa, mtikisiko wake unalegeza mawe. Unga mweupe utakaouona ni chumvi. Usiuoshe, maji yataurudisha ndani. Ufagie kwa brashi kavu, ngoja siku chache, ufagie tena.

Chokaa ikiwa haijazimwa, itie kidogo kidogo kwenye pipa la maji. Usimwage maji juu ya chokaa: inachemka na kuruka, na jicho halina spea. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Iache chini ya maji wiki kadhaa mpaka ilainike kama samli. Mchanga usiwe wa pwani. Kipimo changu ni chokaa moja kwa mchanga tatu, basi. Fundi atakwambia, "Tia saruji kidogo, bosi, ishike haraka." Mkatalie, na kama hasikii, tafuta mwashi mzee.

Rowesha ukuta jioni, na tena asubuhi kabla ya kupiga. Mashimo makubwa yajazwe kwanza vipande vya mawe na chokaa. Kila mkono wa lipu usizidi sentimita moja, na wa kwanza ushike ndipo upige wa pili.

Sasa jambo linalowashinda wengi. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na bila unyevu haiwezi. Juu kule, joto la mabati linaikausha kabla haijashika, inabaki unga unaotoka kwa kidole. Kwa hiyo piga lipu kuanzia alasiri, tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na madirishani, nyunyiza asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Usiwashe feni. Nyufa nyembamba zikitokea, rowesha na usugue kwa kibao wakati lipu bado ni laini. Kaskazi ikivuma kavu, ongeza siku.

5. Rangi. Chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne. Rangi ya mafuta inarudisha tatizo lilelile la saruji.

6. Joto. Acha wazi mwanya kati ya dari ya zamani na mabati, upepo upite. Bodi za jipsamu zinaficha boriti, na uvujaji utauona ukiwa umechelewa.

7. Mapambo. Vitabu na taa viweke kwenye madaka yaliyomo ukutani. Msumari kwenye tumbawe unamomonyoa tu. Na pima ngazi kabla ya kununua kabati. La shemeji limepandishwa kwa kamba kupitia dirishani, mtaa mzima ukitoa maelekezo.