Somo: Kupima mgandamizo na kuifanyia ovahoo (ukarabati mkubwa) injini ya kwadi ya mipigo miwili

Kwadi nyingi (pikipiki za magurudumu manne) za mipigo miwili zinazofika mikononi mwangu hutoka upande wa Kigamboni, ambako hukimbizwa kwenye mchanga wa ufukweni, na mara nyingi mwenye nayo huja akiwa ameshapita kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kununua pistoni na ringi. Ninapomuuliza geji ya kupimia mgandamizo ilisoma ngapi kabla ya kununua, hana jibu, kwa sababu hakuna aliyepima. Pistoni mpya iliyofungwa bila kujulikana kilichoiua ile ya zamani huenda ikafa kwa ugonjwa uleule, tena kwa haraka zaidi, na ndiyo maana somo hili linatumia muda mwingi kwenye vipimo kuliko kwenye kufunga.

Mfano wangu ni Yamaha Blaster, iliyotengenezwa tangu 1988 hadi 2006: silinda moja ya cc 195, kipenyo cha milimita 66, mwendo wa pistoni wa milimita 57, inayopozwa kwa hewa. Injini nyingine za aina hii hufuata njia hiyohiyo, ila vipimo vya kufungia vichukuliwe kwenye kitabu cha injini husika.

Hatua ya kwanza: kupima mgandamizo

Washa injini, iache ingurume kwa sailensa, yaani bila kupigwa resi, kwa takriban dakika tano ipate joto, kisha izime. Safisha kuzunguka plagi kwa upepo au brashi kabla ya kuichomoa, maana punje za mchanga zilizokaa pale zitaangukia moja kwa moja juu ya pistoni. Plagi iliyotoka irudishe kwenye kofia yake na uigusishe kwenye chuma cha injini, ili umeme wa koili upate njia ya kupita.

Tumia geji ya kufungwa kwa nyuzi, wala si ile ya mpira unaoshikiliwa kwa mkono. Angalia pia vali ndogo ya geji ilipo. Ikiwa iko mwisho wa bomba, karibu na saa ya geji, nafasi yote ya ndani ya bomba huongezeka kwenye chumba cha kuchomea, na kwa silinda ndogo kama hii sindano itasoma chini ya hali halisi. Vali inatakiwa iwe upande wa plagi.

Bonyeza mkono wa resi hadi mwisho na usiuachie, kisha piga kiki kwa nguvu mpaka sindano iache kupanda. Kwa kawaida ni mara tano hadi nane. Kosa la kupima resi ikiwa imefungwa nimeliona hata kwa mafundi wa miaka mingi: kabureta ikiwa imeziba, hewa haiingii ya kutosha, na injini nzima huhukumiwa bure. Rudia mara tatu na uandike namba zote.

Kwa uzoefu wangu, injini ya namna hii yenye afya husoma kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 110 na 130. Ikishuka chini ya 100 ninaanza kumwandaa mwenye mali kwa matumizi, na chini ya 90 kiki huanza kuwa adhabu. Hata hivyo geji hutofautiana, kwa hiyo namba yenye thamani kubwa ni ile uliyoiandika mwenyewe, kwa geji hiyohiyo, injini ilipokuwa nzima.

Namba ikiwa ndogo, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara mbili tatu ili isambae, kisha pima tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika. Ikibaki palepale, shuku gasketi ya hedi au pistoni iliyotoboka.

Hatua ya pili: kupima uvujaji wa chumba cha krenki

Hatua hii huachwa na wengi, na kuiacha ndiko kunakoua injini zilizotoka kufanyiwa ovahoo. Katika injini ya mipigo miwili, mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza chini ya pistoni, ndani ya chumba cha krenki, kabla ya kupanda kwenye silinda. Sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya krenkishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikichoka upande wa magneto inayozalisha umeme, hewa ya ziada huvutwa ndani, mchanganyiko hupungukiwa petroli na oili, na pistoni huungua. Ikichoka upande wa klachi, injini hunyonya oili ya gia boksi, hutoa moshi mweupe usiokoma, huku oili ya gia ikipungua bila tone kuonekana chini. Geji ya mgandamizo haikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Ziba njia ya kabureta na tundu la ekzosi kwa vipande vya mpira vilivyobanwa na bati, kisha pampu hewa polepole kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa chini kabisa, hadi psi 6. Usizidishe, maana sili zenyewe zinaweza kusukumwa nje. Shinikizo hilo likae dakika sita bila kushuka zaidi ya psi 1. Likishuka, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio yote, na povu litakuonyesha mahali.

Hatua ya tatu: kufungua na kuisoma pistoni

Osha injini yote kabla ya kufungua. Hedi ikitoka, bloku ikinyanyuliwa, ziba mara moja mdomo wa chumba cha krenki kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Niliwahi kudharau jambo hilo, klipu ya pini ya pistoni ikaruka na kutumbukia, nami nikamaliza siku nzima kupasua injini kwa ajili ya kipande cha waya.

Pistoni iliyochakaa husomwa kama barua. Upande wa ekzosi pekee ukiwa na mikwaruzo mizito, joto lilizidi au petroli ilipungua. Alama nne zilizosambaa kuzunguka pistoni huonyesha injini iliyokimbizwa kabla ya kupata joto, pistoni ikatanuka haraka kuliko silinda. Sketi (sehemu ya chini ya pistoni) ya upande wa kuingizia hewa ikiwa imefifia kuwa ya kijivu na kusagika, huo ni mchanga uliopita kwenye chujio. Kwa kwadi za Kigamboni hii ya mwisho ndiyo ninayoikuta zaidi, na dawa yake ni sponji ya chujio iliyolowekwa oili, iliyokaa vizuri, pamoja na mpira wa kabureta usio na ufa.

Shika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, uivute juu na chini. Kuchezacheza kidogo pembeni ni kawaida, lakini ikicheza juu na chini, krenkishafti lazima itoke, na ovahoo ya juu pekee itakuwa pesa iliyotupwa.

Hatua ya nne: kupima na kuchonga silinda

Pima kipenyo juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili, ukiyakwepa madirisha, yaani matundu ya kupitishia hewa na moshi yaliyo kwenye ukuta wa silinda. Ikiwa silinda imelika kupita kiwango cha kitabu, itachongwa kufuata pistoni ya saizi inayofuata, ambayo kwa kawaida hupanda kwa milimita 0.25. Nunua pistoni kwanza, uipeleke pamoja na bloku kwa mchongaji, apime pistoni hiyohiyo na kuacha nafasi iliyoandikwa kitabuni. Karakana moja iliwahi kunichongea bloku kwa kukariri namba, pistoni ikafika baadaye, na nafasi ikawa kubwa kiasi kwamba injini ilipiga kelele tangu siku ya kwanza.

Baada ya kuchonga, kingo za madirisha zilainishwe ili ringi zisinase. Osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli, mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe, kisha ikaushe na kuipaka oili papo hapo. Kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, kutu huanza kabla hujamaliza kunywa chai.

Hatua ya tano: kufunga

Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, midomo ya ringi ikae kwenye pini ndogo zinazoizuia isizunguke, na klipu ziwe mpya. Shusha bloku ikiwa imenyooka bila kuizungusha, kwa sababu ringi ikichungulia kwenye dirisha itavunjika. Gasketi zote ziwe mpya, na nati za hedi zikazwe kwa kupishana, kwa awamu, kwa spana ya kupimia mkazo.

Ikiwa pampu ya oili ipo, itoe hewa kwanza. Ikiwa iliondolewa, changanya kwa uwiano wa 32 kwa 1, yaani mililita 156 za oili kwa lita 5 za petroli. Iwashe ipate joto, izime ipoe kabisa, mara tatu. Kaza hedi tena ikiwa baridi, kisha itembeze kwa upole kwa tangi moja au mawili bila kuganda kwenye resi moja. Ukimaliza, pima mgandamizo na uandike namba hiyo mahali pa kudumu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kubadilisha ringi peke yake?
Jibu: Marahaba. Unaweza, endapo silinda na pistoni bado vimo ndani ya kiwango. Iingize ringi mpya ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili inyooke, kisha pima mwanya wa midomo yake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mwanya ukizidi kiwango ilhali ringi ni mpya, tatizo ni silinda.

Mwanachama wa Tegeta: Kwadi yangu zamani ilisoma 120, sasa inasoma 150 na sijafungua chochote. Je, imepona?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kaboni imejaa juu ya pistoni na kwenye hedi, chumba kikawa kidogo. Ifungue uisafishe kabla haijaanza kugonga, na uangalie pia kiasi cha oili unachochanganya.

Mwanachama wa Kunduchi: Mwalimu, mimi natumia mashine ya boti ya silinda mbili. Moja inasoma 115, nyingine 85. Nifanyeje?
Jibu: Hapo tofauti ina uzito kuliko namba zenyewe, maana silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Fanya jaribio la kijiko cha oili kwenye ile dhaifu, na uchunguze njia ya maji ya kupoza, kwani chumvi huziba upande mmoja.

Mwanachama wa Mjimwema: Kaka, oili ya mashine za boti inapatikana kirahisi pale Feri. Naweza kuitumia kwenye kwadi?
Jibu: Ile iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, ambazo joto lake ni dogo. Kwadi yako inapozwa kwa hewa, kwa hiyo tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, viwango vya Kijapani vya oili ya mipigo miwili. Kama tangi tayari lina ile ya boti, limwage kabla ya kupiga kiki.