Sola ya nyumbani: piga hesabu kabla hujabeba hela kwenda dukani

Mwaka juzi nilimfungia mama sola kijijini Singida na nikakosea karibia kila kitu. Paneli nimenunua kwa kusoma stika, betri ya gari used, na liinveta likubwa (lile dude la kugeuza umeme wa betri uwe kama wa Tanesco) la nini sijui. Miezi minne tu mama karudi kwenye koroboi, simu anapeleka senta kuchaji kwa jero. Nimefunga upya, sasa nawapa nilichojifunza.

Anza na karatasi, duka baadae. Taa nne za LED za wati 5 zikiwaka masaa matano ni wati-saa 100 (wati mara masaa). Tivii ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya wati 30 masaa manne, 120. Simu na redio weka 30. Jumla wati-saa 250 kwa siku. Pasi usiiweke kabisa, ya wati 1000 inamaliza hiyo 250 yote kwa robo saa. Na kama vitu vyako vyote ni vya DC, inveta ya nini?

Paneli sasa. Jua la kuhesabu ni masaa manne mpaka matano, sio kutwa nzima, kwahiyo 250 gawa kwa 4 unapata kama 63, ongeza ya kupotea njiani, chukua ya wati 80 mpaka 100. Stika usiiamini hata kidogo, nenda na futi, wati 100 ya ukweli ina upana wa nusu mita na urefu wa mita moja na ushee, ukiona ya kubeba kwapani kama trei ya chai achana nayo. Au mwambie fundi aipime saa sita mchana na mita upande wa ampea, ya voti 12 inatakiwa itoe tano na kitu, yangu ilitoa mbili na nusu na muuzaji akasema eti ni mawingu. Ila kipimo hicho ni cha paneli tu, ukikifanya kwenye betri utalipua mita na mkono wako.

Betri ndo inapokula hela za watu. Ya gari imetengenezwa kupiga stata sekunde chache, ukiinyonya kila usiku inakufa. Tafuta ya sola yenyewe, voti 12 ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600 lakini tumia nusu tu, 300, inatosha kwa hesabu yetu. Ya lithiamu unaweza kuinyonya mpaka asilimia 80 na inadumu zaidi, bei yake ndo kaza moyo.

Kufunga: sisi tuko kusini ya ikweta, paneli itazame kaskazini, iiname nyuzi 10 hadi 15 mvua ioshe vumbi. Mbali na mwembe, tawi moja likitia kivuli kwenye kona umeme unashuka vibaya sana. Waya uwe mnene, fyuzi iwe karibu na chanya ya betri. Kwenye chaji kontrola (kile kidude cha kati kinacholinda betri) unaunga betri kwanza, halafu paneli, taa mwisho, na siku ya kufungua unaanza kutoa paneli.

Kuna hii ya kulipa mdogo mdogo kwa simu, kama walivyoanza kampuni ya M-KOPA Kenya mwaka 2012. Sio mbaya, ila jumlisha malipo yote mpaka mwisho ndo ulinganishe na bei ya keshi, na ujue ukichelewa taa zinajifunga. Mama analima alizeti, hela anaiona akishavuna, malipo ya kila siku atayatoa wapi mwezi wa pili? Sisi tulisubiri mavuno tukanunua kwa mkupuo.

Sasa hivi majirani ndo wanachaji kwake, jero jero, simu zinafika nane kwa siku. Ile 250 yangu ya kwenye karatasi imeshapitwa, natafuta paneli ya pili na safari hii futi ninayo mfukoni.